Pima Silinda Kabla Hujanunua Ringi

Enyi mafundi wa Gerezani, Dar, na ninyi wenye magari mnaosubiri pembeni na pesa mkononi, mrudisheni kijana mliyemtuma dukani! Mrudisheni kabla hajafika kaunta. Hajui anachokwenda kununua, na ninyi mliomtuma pia hamjui, kwa kuwa bloku iliyolala hapo chini haijapimwa na mtu yeyote. Ameambiwa alete ringi za injini ya 5L. Za 5L ipi? Ile yenye silinda zake za kiwandani, au iliyokwisha kuchongwa na mmiliki wa kwanza, ikachongwa tena na wa pili? Ni standadi, ni hamsini, ni sabini na tano, ni mia? Muuzaji atamuuliza hivyo hivyo, kijana atapiga simu, na fundi atajibu kwa kukisia. Injini inaharibikia hapo, kwenye simu hiyo, boksi la ringi likiwa bado rafuni.

Mama hamnunulii mwanawe viatu vya shule kwa kutaja jina la mtoto tu. Basi kwa nini tunainunulia ringi injini iliyogharimu mamilioni kwa kutaja jina lake?

Nimeitaja 5L kwa sababu ndiyo dizeli iliyoendesha Hiace na Hilux nyingi nchini mwetu. Silinda yake ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 99.5, pistoni inapanda na kushuka milimita 96, na zote nne zinatupa cc 2986. Sasa rudini kwenye hesabu ya shule ya msingi: mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14. Kila silinda inapopanuka kwa milimita 0.01, mwanya kati ya ncha mbili za ringi unaongezeka kwa milimita 0.03. Kidogo? Subirini. Silinda ikiwa imechongwa hamsini, yaani imepanuliwa kwa milimita 0.50, nawe ukaweka ringi ya standadi, mwanya umeongezeka kwa milimita 1.57. Na mwanya unaotakiwa kwa ringi ya juu kwenye silinda ya ukubwa huo ni kama milimita 0.4 tu! Umeuacha mlango wazi mara tano ya ulivyopaswa kuwa. Gesi ya moto inapita, inaingia kwenye oili, injini inapumua kwenye bomba la oili, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, na wewe unamlaumu aliyekuuzia nozeli.

Wapo wanaokwepa kosa hilo kwa kosa lililo baya zaidi, na hili nalisema kwa uchungu. Silinda imelika lakini ni ya standadi. Badala ya kuipeleka kwenye mashine ya kuchonga, mtu ananunua ringi za hamsini, anazipiga tupa kwenye ncha hadi ziingie, kisha anajisifu kwamba ameziba mwanya. Ndugu yangu, hujaziba kitu! Ringi imeumbwa ikandamize ukuta sawasawa pande zote ikiwa kwenye kipenyo chake. Ukiikata milimita moja na nusu na kuibana kwenye silinda ndogo, umbo lake linaharibika. Inagusa hapa, inaachia pale. Na silinda iliyolika si duara tena. Imekuwa yai, na juu ni pana kuliko chini, maana juu ndiko ringi inakogeuzia mwendo karibu na moto, ambako oili ni chache. Tuseme juu kuna ziada ya milimita 0.20 kuliko chini. Ringi ikipanda, mwanya unafunguka kwa milimita 0.63 zaidi, ikishuka, unafumba. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, ringi inafunguka na kufumba mara 50 kila sekunde. Chuma gani kitavumilia hayo kutoka Dar hadi Mbeya, na mlima Kitonga ukiwa njiani?

Kwa hiyo pimeni! Fundi asiye na geji ya silinda na maikromita aipeleke bloku kwa mwenye navyo, na mwenye gari alipie kazi hiyo bila kunung'unika. Kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, na kila mahali ipimwe mara mbili: kwa kufuata urefu wa krenki na kwa kuikata krenki. Ni namba sita kwa silinda moja, namba 24 kwa injini ya silinda nne. Ziandikwe kwenye karatasi, na karatasi abaki nayo mwenye gari. Namba hizo zilinganishwe na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini. Zikiwa ndani ya kikomo, silinda zinahoniwa tu na ringi za saizi ile ile zinanunuliwa. Zikizidi, bloku inachongwa, na hapo ringi na pistoni vinapanda saizi pamoja. Nasema pamoja! Ringi za hamsini kwenye pistoni ya standadi ndani ya silinda ya hamsini ni pistoni inayogonga kuta mpaka sketi yake ipasuke.

Tena kipenyo peke yake hakitoshi. 3S-FE na 1AZ-FE, zote mbili za Toyota, zina silinda za milimita 86. Moja ina bloku ya chuma, nyingine bloku ya aluminiamu yenye laina za chuma, nazo ni injini za vizazi tofauti. Anayechukua boksi kwa kuwa limeandikwa 86 hajachagua ringi bado. Pimeni unene wa ringi, pimeni upana wake kuelekea ndani, tazameni umbo la mfereji. Injini nyingi za dizeli zina ringi ya juu iliyopunguzwa ubavuni kama kabari, na mfereji wake ni hivyo hivyo. Ringi ya mraba haina nafasi humo.

Mfereji huo wa pistoni tunausahau mno, na ndio nusu ya kazi. Ringi haikandamizi ukuta kwa nguvu yake yenyewe tu. Gesi ya moto inashuka, inaingia nyuma yake ndani ya mfereji na kuisukuma nje, nayo inajifungia kwa shinikizo lile lile inalolizuia. Kazi hiyo haijabadilika sana tangu John Ramsbottom, mhandisi Mwingereza wa treni za mvuke, alipobuni ringi ya chuma iliyokatwa sehemu moja katika miaka ya 1850. Mfereji ukiwa umelika, ringi mpya inacheza juu na chini, inapiga kingo, inapampu oili kuelekea juu, na mwisho inavunjika. Safisheni kaboni yote bila kukwangua chuma, ingizeni ringi mpya mferejini, kisha fila geji ubavuni mwake. Injini nyingi ndogo zinataka nafasi ya kati ya milimita 0.03 na 0.08. Geji ya 0.15 ikipita bila kusukumwa, pistoni hiyo imekwisha, hata kama kwa macho inang'aa.

Na wenye Premio, Allion na RAV4 za 1ZZ-FE za mwanzo, nisikilizeni kwa makini. Injini zile zilijulikana kwa kula oili, na shida ilianzia kwenye pistoni: njia za kurudishia oili nyuma ya oili ringi hazikutosha, kaboni ikaziba, ringi zikaganda. Toyota ilibadilisha pistoni baadaye. Ukiweka ringi mpya, hata za bei kubwa, kwenye pistoni zile zile za zamani, umenunua muda mfupi tu. Nunua pistoni za muundo mpya pamoja na ringi zake, au usifungue injini.

Ringi zikishafika mezani, kazi ya kuchagua haijaisha. Ingizeni kila moja kwenye silinda itakayokaa, isukumeni kwa kichwa cha pistoni ilale sawa, kisha pimeni mwanya. Makisio ya haraka ni milimita 0.4 kwa kila milimita 100 za kipenyo kwa ringi ya juu ya injini isiyo na tabo, na ya pili izidi kidogo. Lakini kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Mwanya ukiwa mdogo, piga tupa taratibu kutoka uso wa nje kuelekea ndani ili chrome isibanduke. Usiseme "itajitengenezea yenyewe ikipata moto." Ikipata moto inarefuka, ncha zinagongana, haina pa kwenda, na ukuta wa silinda unachanika. Mwanya uliozidi kidogo utakupotezea nguvu. Uliopungua utakupotezea injini yote.

Kuhusu chapa nitasema machache. Riken, NPR na TP ni watengenezaji wa Japani wenye historia ndefu, lakini boksi linachapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Tazama ringi yenyewe: alama karibu na ncha, saizi iliyopigwa, uso laini usio na vinyweleo, ringi zote za aina moja zikilingana unene kwa maikromita. Na uliza ni za chuma cha kawaida, za chrome au za molibdeno, kwa sababu fundi wa kuhoni anahitaji kujua. Molibdeno inataka ukuta laini kuliko chuma cha kawaida. Chrome kamwe isiwekwe kwenye silinda iliyopakwa chrome. Vitakwanguana hadi viharibike vyote viwili.

Baada ya kuhoni, osheni bloku kwa maji ya moto na sabuni! Dizeli na petroli peke yake haziondoi unga wa jiwe uliokwama kwenye michirizi. Sugueni kwa brashi, suuzeni, futeni kwa kitambaa cheupe, na mrudie mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia, kisha pakeni oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Ukiuacha unga ule, ringi mpya zitasagika katika safari za kwanza.

Wakati wa kufunga, upande wenye alama utazame juu. Ringi ya pili ikigeuzwa inakwangua oili na kuipeleka kwenye moto, na moshi wa bluu utaonekana siku ile ile. Mianya isipangwe mstari mmoja. Springi ya oili ringi ikutane ncha kwa ncha, isipandiane.

Injini ikiwaka, msiiache ikiunguruma taratibu stendi asubuhi nzima kwa madai ya kuibembeleza. Ringi inakaa kwa shinikizo, na shinikizo linatokana na kazi. Ikishapata joto na oili ikipanda vizuri, itoeni barabarani na mzigo wa wastani, mwendo ubadilishwe, ikazwe kidogo mlimani kisha iachiwe, bila kuikimbiza hadi mwisho na bila kuiburuza kwa gia kubwa. Tumieni oili ya kawaida, si sintetiki. Pimeni kijiti kila jioni. Kilomita 500 zikifika, mwageni oili yote na kubadili filta, hata kama konda anasema abiria wamejaa.