Wimbo Usio na Mwimbaji

Desemba 2008, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi wa Rwanda kifungo cha miaka 15. Nyimbo zake zilirushwa na redio RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na majaji walikubali kwamba zilisaidia kueneza chuki. Hata hivyo, kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti akiwa ndani ya gari. Kuzitunga nyimbo hizo pekee hakukutosha.

Leo mwenye chuki huandika sentensi mbili tu, programu ya akili unde ikampa wimbo mzima, ala na sauti tamu, bila msanii wa kukamatwa. Wapo wanaosema hatia imepotea, kwa kuwa mashine haina nia. Kweli haina, lakini nia haikuwahi kukaa kooni: aliyeagiza anayo, anayesambaza anayo. Mwenye programu atajitetea kwamba muuza visu hashtakiwi kwa mauaji. Utetezi huo una nguvu, mpaka aletewe oda inayotaja kabila la kuangamizwa, naye aijue na kuiacha itimizwe. Msikilizaji ndiye kesi ngumu. Zamani alivutwa na imani ya mwimbaji. Sasa anatikisa kichwa kwa imani isiyo ya yeyote, na akiurusha wimbo huo kwa jamaa zake huku akijua unachosema, imani hiyo imeshapata mwenyewe.