Bingwa Hana wa Kumkataza

Wiki hii nilikuwa Eldoret, katika hoteli ya chai karibu na kituo cha matatu, na nililoliona pale linanikera mpaka sasa. Aliingia kijana mwanariadha aliyerudi juzi na ushindi kutoka Ulaya. Simtaji jina kwa sababu hana kosa. Mwembamba, mpole, koti la mazoezi limefungwa zipu hadi kidevuni. Kabla hajakaa, meza tatu zilikuwa zimemgeukia.

"Bingwa! Sisi tuliokushangilia tutakunywa chai ya rangi leo kweli?"

Akacheka, akamwita mhudumu, na nyama, chapati na chai ya maziwa zikamfikia kila aliyetaka. Mmoja akasogeza kiti na kumwonyesha kwenye simu picha za ploti inayouzwa. "Kesho utakuta imeenda, bingwa, na wewe sasa si mtu wa kupanga nyumba." Mwingine akamuuliza kama kile kigari kilichoegeshwa nje ndicho cha mtu aliyeonekana kwenye runinga. Kisha mzee mmoja akamwita "mwanangu" na kumwarifu kwamba Jumapili kuna harambee ya kanisa, na jina lake limeshachapwa kwenye kadi kama mgeni wa heshima. Wote hao aliwajibu neno moja: sawa.

Alipotoka, hata mlango haujatulia, yule wa ploti akajipangusa mafuta midomoni na kusema: "Huyu mwaka hauishi. Pesa zitamrusha akili." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, vinywa bado vimejaa nyama aliyoilipia.

Wala hawakujua kama hizo pesa zimefika. Zawadi ya mbio kubwa hutangazwa leo, lakini kwa kawaida hungoja majibu ya vipimo vya dawa, kodi ikatwe, meneja achukue asilimia yake, na miezi inapita. Kijana anayetajwa redioni kuwa milionea huenda anaishi kwa deni, na anakopa ili asionekane mchoyo kwa watu ambao hawajawahi kumwamsha alfajiri akakimbie.

Bingwa akiporomoka tunakimbilia methali: maskini akipata, matako hulia mbwata. Methali hiyo inamtia hatiani mtu mmoja tu na kuwaachia huru wapambe wote. Mimi sikubali. Pesa na sifa zina madhara yake, ndiyo, ila dhara kubwa ni kwamba zinamnyima mtu watu wa kumwambia hapana. Kaka mkubwa aliyekuwa akimtuma dukani sasa anangoja alipiwe karo ya watoto. Rafiki aliyekuwa akimshinda mazoezini amekuwa dereva wake. Baba mzazi anamwomba ushauri kijana wa miaka ishirini na mbili kuhusu shamba. Tukishawageuza wote wanaomzunguka kuwa waombaji, tunashangaa kwamba hajui kujizuia.

Mfikirie Samuel Wanjiru. Alikulia Nyahururu katika ufukara, akaenda Japani akiwa na miaka 15, akasoma shule ya Sendai Ikuei, kisha akaingia timu ya kampuni ya Toyota Kyushu chini ya Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni Barcelona mwaka 1992. Timu za namna hiyo zina bweni, saa za kula na kocha asiyebishiwa. Mwaka 2008 aliiacha timu ile, na Agosti 24 mwaka huohuo, katika joto la Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Alikuwa na miaka 21. Akashinda London na Chicago mwaka 2009, akarudia Chicago 2010, na mara mbili akachukua dola 500,000 za bingwa wa msimu wa marathoni kubwa za dunia. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafa akiwa na miaka 24. Magazeti yakajaza kurasa kuhusu pombe, bunduki na ndoa yake. Waliokuwa wakinywa kwa pesa zake waliandikwa kwa nadra.

Nakusikia ukisema: mtu mzima ana akili zake, mbona Eliud Kipchoge hakupotea?

Vizuri umemtaja. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18, Paris mwaka 2003, kwa hiyo sifa zilimfikia mapema kuliko Wanjiru. Kocha wake alikuwa Patrick Sang, naye mshindi wa fedha Barcelona 1992, katika mbio za kuruka viunzi na maji. Na hata baada ya kukimbia umbali wa marathoni Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mwaka 2019, alirudi kambini Kaptagat kwa kocha yuleyule. Watu husimulia kwamba yeye hushiriki kuosha vyoo vya kambi kana kwamba ni muujiza wa unyenyekevu. Tabia yake ni njema, sibishi. Lakini mimi naona zamu. Mahali ambapo kuna zamu ya vyoo, kuna mtu mwenye haki ya kumuuliza bingwa wa Olimpiki kwa nini leo havijaoshwa.

Wengine wanasema dawa ni elimu. Mkimbiaji Henry Rono alisoma chuo kikuu Marekani, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Pombe ilimwangusha hata hivyo, na aliyaandika hayo mwenyewe.

Basi tuulizane: makocha wangapi wa Bonde la Ufa wanaweza kumkaripia bingwa wao? Wengi wanalishwa na asilimia ya zawadi yake. Akikasirika na kuhama, kocha analala njaa, na wote wawili wanalijua hilo. Mameneja wanaochuma kwa miguu ya hawa vijana wamlipe kocha mshahara usiopitia mkononi mwa mwanariadha, awe na uthubutu wa kusema, "Kesho huendi Nairobi." Na nyinyi wenye kadi za harambee, mwacheni kijana akimbie misimu mitatu minne kabla hamjamweka meza kuu, wala msichape jina lake bila kumuuliza. Akikataa, msimtangaze kijiji kizima kuwa ana maringo.