Je, Mzazi Mwenye Kazi Nyingi Ana Udhuru?

Mzazi akiulizwa kwa nini hajulikani katika darasa la mwanawe, jawabu huwa moja: kazi. Udhuru huu hatuudharau. Atokaye alfajiri kuwahi feri ya Likoni na kurudi baada ya isha hawezi kwenda skuli kila juma, na kumlaumu ni kumdhulumu. Lakini yafaa tuulize: kazi imemwondolea wajibu upi, na upi haikumwondolea?

Wafanya biashara wa miji yetu wajua kuwa mna mambo yakubaliyo wakala na mna yasiyokubali. Kulipa gharama hukubali wakala. Mjomba aweza kulipa. Serikali yenyewe iliondoa karo katika skuli za msingi mwaka 2003, na wako waliodhani wajibu umeondoka pamoja na karo. Hata katika mkutano wa wazazi, hatuoni aibu bibi akienda badala ya mama. Ama kujua mwana anasoma nini, na kinachomshinda ni kipi, hilo halina wakala.

Mtaala mpya ulipoanza mwaka 2019 ulitaka mzazi ashirikiane na mwanawe katika kazi za nyumbani. Wako waliokwenda kwa mwenye kompyuta wakalipa, kazi ikapigwa chapa, na mtoto akapeleka kwa mwalimu kitu ambacho mkono wake haukukigusa. Kwetu sisi huku si kumsaidia. Ni kumzoeza kuwa elimu hununuliwa dukani.

Wala yatakikanayo si makubwa. Seremala aweza kutoa asubuhi moja katika muhula akayapigilia madawati yaliyolegea. Muuza mahamri, ambaye hata hiyo asubuhi hana, aweza kumpa mwanawe hesabu yake ya unga na sukari, darasa zima likaifanyia kazi. Baharia mzee awaeleze watoto kaskazi na kusi. Na asiyekuwa na lolote ila robo saa ya usiku, na amsikilize mwana akisoma kwa sauti. Hata asiyejua kusoma aweza hili, pengine kuliko msomi, kwani mtoto hulazimika kumfafanulia.

Wengine hutujibu: mwalimu analipwa. Kweli, analipwa awafundishe watoto hamsini; lakini ni nani atakayemwambia kuwa huyu haoni ubao, na yule hapati usingizi tangu babake asafiri?