KAA, NDEGE NA MOYO ULIOTULIA



Siku moja, maji yakiwa yamekupwa, nenda penye mkono wa bahari wa Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, ukaketi kando ya mikoko bila kusema neno. Mwanzoni hutaona kitu ila tope tupu na matundu madogo madogo. Kaa wamekwisha kimbilia ndani kwa kuhisi kishindo cha miguu yako na kukiona kivuli chako. Ukikosa subira utarudi ukisema: Pale hapana kitu.

Lakini ukitulia, kaa mmoja hutokeza macho. Kisha wa pili. Mwisho tope zima huwa hai. Dume hupunga gando lake moja kubwa, na kwa lile dogo huchota tope, akala kilicho chakula na kuyaacha mabaki kama vidonge. Na kabla maji hayajajaa, hurudi shimoni, na wengi huuziba mlango kwa tope. Kaa hana saa, lakini hachelewi.

Kisha watazame ndege. Wako wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, ambao huzaliwa kaskazini mwa Siberia. Wazazi hutangulia kuondoka. Makinda hufuata nyuma, wakasafiri maelfu ya kilomita bila wazazi wa kuwaonyesha njia. Ni nani aliyewafundisha? Hakika Yeye aliyewaumba ndiye aliyewaongoza.

Basi tujiulize. Sisi husimama mbele ya Mola wetu mara 5 kila siku. Twarukuu na kusujudu, hali mioyo yetu ingali sokoni. Na tukitoa salamu tu, twaondoka mbio. Halafu twalalamika kwamba hatuuoni utamu wa Sala. Je, hatufanani na yule aliyelikanyaga tope, akaondoka akisema kwamba pale hapana kitu? Huenda kishindo kinachotunyima ni chetu wenyewe.

Tena kaa hungoja maji na hujiweka tayari. Nasi twajua kwamba mauti yatakuja, ila saa yake hatukuambiwa. Kwa hiyo yatupasa kuwa tayari zaidi kuliko yeye.

Leo, baada ya Sala, usiondoke upesi. Keti kidogo, unyamaze, umkumbuke Mola wako. Mwenyezi Mungu atujalie mioyo iliyotulia. Amin.