Msafara Uende kwa Mwendo wa Nani?



Vijana hutuuliza mara nyingi swali hili: watu wakisafiri pamoja, na mmoja wao akiwa mzito wa miguu, je, ni haki wengine wote wacheleweshwe juu yake? Swali laonekana dogo. Lakini sisi tulikutana nalo mlimani, na tangu siku ile halijatuacha.

Mwaka 1989, nchi yetu ilipokuwa bado inaitwa Zaire, tulipanda mlima Ruwenzori pamoja na vijana wa kanisa. Tulikuwa watu 14, na viongozi wawili wa njia, na wapagazi. Tulianzia Mutwanga, chini ya mlima, upande wa Beni. Njia ile hupandwa kwa siku kadhaa. Kila jioni watu hulala penye kibanda cha wasafiri: kwanza Kalonge, kisha Mahangu, kisha Kiondo, ambako ni zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Kwa kuwa vibanda havikututosha, wengine walilala katika hema. Juu zaidi kuna barafu, karibu kabisa na ikweta, na kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Katika Afrika kinapitwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu. Hatukutaka kufika kileleni, maana hatukuwa na vyombo vya kukanyagia barafu. Tulitaka kulala Kiondo na kuiona barafu kwa macho yetu.

Siku ya kwanza tulikwenda kama watu wanavyokwenda siku zote. Wenye nguvu walitangulia, wakipita mashamba, wakaingia porini, wakiimba. Nyuma kabisa alibaki ndugu mmoja kijana, fundi wa kushona, mtu wa kukaa mchana kutwa mbele ya mashine yake. Sisi tulipochoka tuliketi, tukanywa maji, tukamngoja. Alipotufikia, akihema, tulisimama tukasema: "Haya, twende." Wengine walimcheka, wakamwita mzee kabla ya wakati.

Jioni ile kule Kalonge, kiongozi wetu, mzee aliyepanda mlima ule mara nyingi, alituuliza: "Watoto, leo ni nani aliyepumzika?" Tukasema kwamba sote tulipumzika. Akasema: "Hapana. Yule aliyechoka kuliko wote hakupumzika hata mara moja. Kila alipofika, ninyi mlisimama."

Ndugu wapenzi, tulinyamaza, sababu ilikuwa kweli. Wenye nguvu walipumzika mara tano au sita, na mwenye kuchoka hakupata hata nafasi ya kutua mzigo wake. Wala hakuna aliyekusudia kumtendea vibaya. Kila mmoja alikwenda mwendo wake tu, na ubaya ukatokea wenyewe.

Kesho yake mzee alibadilisha mpango. Alimweka fundi mbele, nyuma yake yeye mwenyewe, na wenye nguvu wakawa wa mwisho. Tulipita mianzi, tukaingia katika nchi ya miti iliyofunikwa na ndevu za kijani, mvua ikinyesha, matope yakifika magotini. Tunakiri kwamba siku ile tuliona ugumu kuliko ya kwanza. Kupunguza hatua, kusimama nyuma ya mtu anayetafuta pa kuweka mguu, ni mzigo ambao hatukuuzoea. Hata hivyo tulifika Mahangu pamoja, kabla ya giza.

Siku ya tatu ndiyo iliyotuhukumu. Tulipokuwa tukipanda kwenda Kiondo, fundi alianza kuyumba kama mlevi. Tulipomuuliza, alikiri kwamba kichwa kilimuuma tangu jioni, na usiku alitapika nje ya hema. Kwa nini hakusema? Alijibu: "Niliogopa mtanicheka tena."

Ugonjwa wa mlima si jambo la mchezo. Pale juu hewa ni nyepesi, na kwenye mita 4,000 na zaidi pumzi moja humpa mtu karibu sehemu tatu tu katika tano za ile anayoipata kando ya bahari. Kichwa huuma, chakula hukataliwa, hatua hupotea. Mtu akizidi kupanda katika hali ile, maji yaweza kujaa katika mapafu au ubongo kuvimba, naye akafa hata akiwa kijana mwenye nguvu. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, bila kungoja kesho.

Mmoja wetu alisema: "Tumwombee, atapona, tuendelee." Tukaomba. Lakini mzee akasema: "Ombeni, watoto, lakini mwombe mkitembea, na mtembee kushuka." Hatukuona ubaya katika neno hili. Kumwomba Mungu amponye ndugu, huku tukimkokota kwenda kule kunakomwua, kungekuwa kumjaribu Bwana.

Sasa, nani ashuke naye? Tulifikiri kwamba watachaguliwa wale waliochoka, ambao hawakuwa na tumaini la kufika. Mzee alikataa. Alisema kwamba kumshusha mgonjwa kwenye mizizi na mawe yenye utelezi ni kazi ya wenye miguu imara. Akawachagua watatu wenye nguvu kuliko wote, pamoja na kiongozi wa pili. Nasi tunaoandika tulikuwa kati ya hao watatu.

Tusiwafiche neno: hatukushuka kwa mapendo. Tulishuka tukinung'unika moyoni. Tulijitayarisha miezi mingi, tulilipa sawa na wengine, na barafu ilikuwa karibu. Tulijiuliza: kosa letu ni lipi? Je, sasa nguvu imekuwa sababu ya kupewa azabu?

Swali hili linapashwa kujibiwa kwa haki, maana lina nguvu. Mtu aweza kusema: aliye dhaifu asipande mlima, na akipanda, asiwapokonye wengine faida yao. Tunakubali kwamba mdhaifu naye ana wajibu: aseme kweli juu ya hali yake, wala asijifanye. Lakini fundi alificha ugonjwa juu ya kicheko chetu. Ile haraka ya siku ya kwanza ilizaa dharau, dharau ikazaa woga, na woga ukamfunga kinywa mtu aliyekuwa hatarini. Basi deni lilikuwa letu pia. Hata kama tusingemcheka, bado mikono iliyoweza kumshika asianguke ilikuwa yetu.

Jambo hili si la Ruwenzori tu. Mwezi wa tano mwaka 2006, katika mlima Everest, Mwingereza David Sharp alikufa kando ya njia, na ilisemwa kwamba watu kama 40 walipita karibu naye. Wengi walijitetea kwamba pale juu hapakuwa na la kufanya, nasi hatuwezi kuwahukumu. Lakini siku 11 baadaye, Dan Mazur na wenzake walimkuta Lincoln Hall wa Australia, aliyeachwa usiku kwa kudhaniwa amekufa. Wakaacha kilele kilichokuwa karibu, wakakaa naye hadi wasaidizi wakafika, naye akapona. Waliomkuta hawakuwa wenyeji wa mtu huyu. Walikuwa tu na nguvu pale ambapo yeye hakuwa nayo.

Tena, wengi wetu tumetembea safari ambayo hatukuichagua. Tumekimbia vita usiku, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Katika safari ile hakuna asiyejua swali hili: mama mwenye mimba na babu mwenye fimbo waende na nani? Wengine walingojewa, wengine waliachwa. Hatuandiki ili kuwaumiza waliolazimika kuchagua wakati wa hofu. Twasema tu kwamba mtu hujifunza kungoja wakati wa amani, ili siku ya hatari miguu yake iwe imekwisha kuzoea.

Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 33, Esau alitaka kwenda njia moja na Yakobo. Yakobo alikataa kufuata mwendo wa ndugu yake mwenye watu 400. Alikuwa na watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, akachagua kwenda polepole kwa kadiri yao. Huyu alikuwa ndiye bwana wa msafara, lakini aliutoa mwendo wake kwa wadogo.

Tulifika Kalonge jua likizama. Tayari fundi alitembea vizuri zaidi, na usiku alikula ugali. Asubuhi alituuliza kwa sauti ndogo: "Yaya, ninyi mulifika kuona barafu?" Tukajibu: "Hapana." Akainamisha kichwa. Hapo manung'uniko yetu yakatuaibisha. Tulimwambia kwamba tulifika tulikopashwa kufika, na tulipoyasema maneno haya yakawa kweli kwetu pia. Tukamkumbuka yule mwana wa Matayo 21, aliyemkatalia baba yake, kisha akaenda kazini. Moyo wetu ulikataa, miguu ilitii, na moyo ukafuata nyuma.

Basi, wapenzi, katika shirika zetu tuangalie: wakati wa mchango, ni nani anayefika akihema, nasi tumekwisha kusimama? Katika mkutano, ni nani anayenyamaza sababu alichekwa jana? Wewe uliye na nguvu, mtangulize huyo, ukae nyuma yake. Nawe uliye dhaifu, usifiche ugonjwa wako.

Wenzetu waliolala Kiondo walirudi siku mbili baadaye, wakatusimulia juu ya barafu, jinsi inavyong'aa asubuhi. Tuliwasikiliza kwa furaha. Sisi hatujaiona hata leo.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.