Nani Alisema "Dondosha"?

Hapa Kalerwe asubuhi, lori la matoke likifika sokoni, kijana mmoja anakaa juu na mwingine anasimama chini. Wa juu anarusha mkungu, wa chini anadaka. Lakini harushi mpaka amwone mwenzake yuko tayari. Akirusha bila kuangalia na mtu akaumia, soko zima litamgeukia yeye. Hakuna atakayelaumu mkungu.

Nilikumbuka hayo tulipojadili na vijana wetu habari ya Gaza. Tarehe 8 Machi 2024, chakula kilidondoshwa kwa ndege karibu na kambi ya Shati. Walioshuhudia walisema parachuti haikufunguka vizuri. Watu 5 walikufa. Nchi kadhaa zilikuwa zinadondosha misaada siku zile. Marekani ikasema mzigo si wake, Jordan pia ikakana. Sasa waliuawa na nani? Na parachuti?

Kijana mmoja akasema ni ajali tu, hakuna parachuti isiyogoma. Ni kweli, hata ikikunjwa na fundi mzuri inaweza kugoma. Lakini kama unajua kwamba siku moja itagoma, na bado unadondosha mahali penye watu, hiyo hatari umeichagua wewe. Na anayebeba hatari yako ni mtu ambaye hukumwuliza.

Mwingine akauliza, na wale waliokimbilia mzigo, wao hawana kosa? Mimi nasema hapana. Mwenye njaa akiona chakula kinashuka, atakimbia. Aliyedondosha alijua hivyo.

Angalia Sudan Kusini. Huko WFP inadondosha magunia ya nafaka bila parachuti kabisa. Ungefikiri ni hatari zaidi, si ndiyo? Lakini wafanyakazi wanatangulia, wanatenga uwanja, wanawaambia watu wakae mbali, wanaongea na rubani kwa redio. Uwanja usipokuwa salama, wanamwambia asidondoshe. Kumbe kinachowalinda watu si kitambaa, ni mtu wa chini mwenye uwezo wa kusema "ngoja."

Mama mmoja aliyetusikiliza akasema, "Mwanangu, mtoto akikaa siku tatu bila kula, wewe hutauliza habari za parachuti." Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Barabara ikifungwa kabisa, afadhali chakula kitoke juu kuliko kisije. Ila Gaza malori yalikuwa yanangoja mpakani. Kwa hiyo aliyezuia malori naye ana sehemu yake katika vile vifo 5, hata kama hakugusa ndege.

Ndugu zetu mnaofanya kazi ya misaada, swali hili si la ndege peke yake. Mkibadilisha posho, mkihamisha kituo cha kugawa, mkileta mradi mpya, sisi tuko chini tunaangalia juu. Kabla hamjaachia mzigo, kuna mtu wetu mmoja anayeweza kusema "ngoja" na mkamsikia? Kama hayupo, likitokea baya msituambie ni ajali.