Kipanga na chaza: Nani kati yao amekaa bure?

Ndugu Waislamu, yapo maneno nimeyasikia mara kadhaa barazani baada ya sala ya Alasiri, na yananikera kwa kuwa yamevishwa kanzu ya dini. Kijana mwenye nguvu zake anaulizwa mbona hatafuti kazi. Anajibu: "Rizki ni ya Allah. Chaza kakaa chini ya bahari, hatembei, na analishwa."

Tuanze na ndege. Katika Hadithi aliyoipokea Umar bin al-Khattab (R.A.), iliyomo kwa Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alitufunza kuwa lau tungemtegemea Allah ipasavyo, angeturuzuku kama ndege, ambao hutoka asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba. Zingatia: wanatoka! Kipanga yule ambaye Waarabu humwita shahini akishuka juu ya windo hupita kasi ya kilomita 300 kwa saa, na bado hukosa mara nyingi. Akikosa, hupaa tena. Surat al-Mulk, aya ya 19, inatukumbusha kuwa anayewashikilia ndege angani ni Mwingi wa Rehema. Lakini mbawa wanazikunjua na kuzikunja wenyewe.

Sasa huyo chaza anayesingiziwa uvivu. Kwanza, hakuzaliwa amekaa. Akiwa mchanga huelea na kuogelea baharini kwa wiki kadhaa mpaka apate pa kujishikiza. Akishatulia, ndani ya kombe lake vinyweleo visivyoonekana kwa macho huvuta maji, huchuja vijidudu na vimelea vidogo mno vya kula, kisha huyatoa maji. Kazi hiyo huifanya usiku na mchana. Na kikimwingia kitu cha kumuudhi, hukifunika tabaka juu ya tabaka. Ndiyo lulu hiyo tunayoitamani (wanaonunua mikufu hawaulizi imechukua muda gani).

Basi kijana wetu hana wa kumtolea mfano, si angani wala baharini. Mama yake ndiye anayeamka kabla ya Alfajiri kukanda unga wa maandazi, naye akishayala hutusomesha tawakkul.

Simzungumzii aliyezunguka na vyeti vyake mji mzima akarudi mikono mitupu. Huyo ni kipanga aliyekosa windo, na wenye maduka na karakana waliomo katika safu zetu za sala wanamjua kwa jina. Ijumaa ijayo wamwite.